Chungu cha Maharage katika Nchi ya Vigae

Nchi ya Vigae haimo kwenye ramani, na wenyewe wanaona hilo ni kosa la ramani. Nilifikaje huko hakuna haja ya kusimulia. Mtu yeyote aliyewahi kupotea huku akijifanya anaijua njia anaweza kufika. Mimi nimepotea kwa mtindo huo karibu maisha yangu yote. Nimeuza mitumba, nimesherehesha harusi za watu wasiopendana, nimenadi samaki ambao hata paka aliwatilia shaka, na kila kazi ilinifukuza kwa njia yake. Kwa hiyo nilipoingia katika mji mkuu wa nchi hiyo na kigae kikanigonga kisogoni, sikukasirika. Niliinama nikakiokota.

"Hukupaswa kukigusa," alisema mama mmoja aliyekuwa akipika vitumbua kando ya njia. "Haya, tazama vidole vyako."

Nikatazama. Kidole gumba na cha shahada vilikuwa vimekuwa buluu, buluu ya kanga mpya isiyofuliwa.

"Sasa wanajua umesoma," akasema. "Ujibu, la sivyo utashtakiwa."

Mama huyo aliitwa Bi Mize, na ndiye aliyenifungua macho. Katika nchi ile, kijana hasemi. Anarusha. Kila mmoja ana mfuko kiunoni umejaa vigae, yaani vipande vya vyungu vilivyovunjika, na kijiti cha mkaa. Akiwa na neno anaandika, anarusha. Kigae ni kidogo, kwa hiyo neno nalo hukatwa likae. Vigae hupakwa rangi isiyotoka upesi, ili anayekiokota abaki na ushahidi mkononi. Mwenye vidole vya buluu asiyejibu huitwa Mkavu, na kuna mahakama nzima ya kuwashughulikia Wakavu. Hivyo vijana wajanja huokota vigae kwa koleo, au kwa vidole vya miguu, wakasoma kisha wakaendelea na shughuli zao kama watu ambao hawajaona kitu. Niliona wasichana warembo kabisa wanatembea na koleo za jikoni.

Kigae changu kilikuwa na alama ya uso unaotoa ulimi. Nilimwuliza Bi Mize maana yake. Akasema hajui, na aliyekirusha pengine hajui vilevile, ila si vizuri kumwuliza.

Nyuso hizo huuzwa sokoni zikiwa zimechorwa tayari. Upo uso wa kucheka mpaka machozi, uso wa kulia, uso wa kushangaa, viganja viwili vilivyoshikana ambavyo wengine huvitumia kuomba dua na wengine kusema ahsante. Nilikaa kibarazani na kundi la vijana kwenye mkeka mmoja, magoti yakigusana, nao walikuwa wanarushiana vigae vya kucheka mpaka machozi. Vilirundikana katikati kama kifusi. Hakuna shavu lililosogea. Mmoja alipiga miayo huku akirusha vitatu kwa mpigo. Nilipocheka mimi, kwa mdomo, waligeuka wote kunitazama, na mmoja akanisogezea maji ya kunywa.

Walionea haya sauti zao. Ikibidi kabisa kusema, kijana huingia chumbani, huongea ndani ya kibuyu, akakiziba kwa kizibo cha nguo na kumpelekea mwenzake. Mwenzake hukitikisa kwa nguvu kabla ya kukizibua, ili maneno yatoke mbiombio, kwa kuwa hakuna mtu mwenye muda wa kusikiliza binadamu kwa mwendo wake.

Nilipanga chumba cha uani kwa msichana aitwaye Kidawa. Alikuwa na umri wa kuolewa au kusoma, vyovyote upendavyo, na alikuwa amefiwa na mama yake, Bi Nyange, muda si mrefu. Nyumba ilikuwa ya marehemu: vyumba vitatu, ua, mti wa mlimao, na jiko lenye moshi wa miaka. Siku ya msiba, nilivyoelezwa, Kidawa alirushiwa vigae vya kulia vingi mno hata mlango haukufunguka, na ikabidi maiti itolewe kwa mlango wa nyuma. Watu waliofika kwa miguu yao na kukaa naye walikuwa wachache, na mmoja kati yao alikuwa amekuja kukusanya vigae vyake, maana vilikuwa vipya.

Nisije nikaonekana nawaonea vijana. Mji ule una sehemu mbili, na ya juu ndiko wanakokaa watu wa Baraza la Lugha Kamili. Hao ni wazee wasomi wenye majoho, na kazi yao ni kusikitika. Husikitika asubuhi kwa kamati, husikitika mchana katika kikao kikubwa, na jioni hutoa tamko. Lugha, wanasema, inakufa. Vijana wameiua. Kwao ni mwiko kusema sentensi yenye neno lililopungua, na hakuna anayeruhusiwa kutaja jambo lolote kabla hajatambua uwepo wa kila aliyepo, kwa cheo chake, kuanzia mkubwa kushuka. Niliambiwa kwamba ghala lao la vitabu liliungua kwa sababu mlinzi alikimbia kutoa taarifa, naye alipofikia kumtambua Katibu Msaidizi wa Kamati Ndogo ya Nahau, paa lilikuwa limeshaanguka. Walimpa nishani. Hakumruka hata mmoja.

Na wazee haohao, kila alfajiri, huteremsha mjini makapu ya vigae vyao wenyewe. Hivyo vimechorwa waridi, na kikombe cha chai chenye mvuke, na maneno ya baraka. Vingine vina onyo: atakayekula tango akanywa maziwa atapooza upande mmoja, mjulishe kila umpendaye kabla jua halijatua. Nani aliyesema? Daktari mmoja. Wapi? Huko mbali. Nilipomwuliza mjumbe mmoja wa Baraza kama hiyo nayo ni lugha kamili, alinijibu kwa hotuba yenye utangulizi, kiini na hitimisho, na nilipozinduka alikuwa ameshaondoka.

Sasa nije kwenye sheria iliyomkalia Kidawa shingoni.

Mtu akifa katika nchi ile, mrithi hapewi nyumba mpaka amseme marehemu mbele ya Baraza. Chungu cha maharage hubandikwa kwenye jiko katika uwanja wa Baraza, na mrithi lazima azungumze habari za marehemu mpaka maharage yaive. Maneno yakikatika kabla, mlinzi hufunika chungu, na nyumba huwa mali ya Baraza, ili itumike kuendeleza lugha. Zamani, mtu alivyoniambia, desturi hiyo ilikuwa nzuri. Jamaa walikusanyika, wakapika, wakamsema maiti kwa mazuri na mabaya, wakala, wakaenda kulala. Kisha Baraza likaitungia kanuni. Maharage yakawa hayalowekwi. Yakaanza kutoka ghala la Baraza, ya mavuno ya zamani, magumu kama risasi. Chumvi ikaamriwa itiwe mwanzoni kabisa, jambo ambalo mpishi yeyote atakwambia ni kuyafundisha maharage ukaidi.

Kijana aliyekulia kwenye vigae ataongea muda gani? Mmoja alisimama akasema, "Baba alikuwa poa," akakaa. Maji yalikuwa bado baridi. Mwingine aligeuka huku na huku akitafuta uso wa kulia, akakuta mfuko umebaki mlangoni kwa walinzi, akabaki ameduwaa kama mtu aliyevuliwa nguo. Mtaa mzima wa Kidawa sasa ulikuwa na bendera za Baraza madirishani. Makarani walikuwa wanaishi mle, na wapwa wa makarani. Baraza lilikuwa linalia kwamba vijana hawana lugha, na kila walivyozidi kukosa lugha, Baraza lilizidi kupata vyumba.

Zamu ya Kidawa ilikuwa imekaribia. Alinieleza kwa kigae, ingawa tulikuwa jikoni pamoja tukimenya muhogo. Nilikiweka kando nikamwambia kwangu mimi aseme, nina uziwi wa vyombo vya udongo. Ilimchukua muda. Sauti yake ilitoka ndogo, yenye kutu. Alisema akishindwa hana pa kwenda. Akasema pia, na hili alilisema akitazama muhogo, kwamba harufu ya mama yake bado imo kwenye chumba cha kati, na karani akiingia atafungua madirisha.

Basi nikaamua kumfundisha kazi. Nimeshika kipaza sauti kwenye harusi ambapo bwana harusi alichelewa kwa sababu alikuwa hajaamua. Nimewaweka wageni mia kwenye viti kwa maneno matupu mpaka pilau ikapoa. Ikiwa kuna jambo moja ninalolijua duniani ni namna ya kuongea bila kusema.

"Sema: kwa heshima na taadhima kubwa, napenda kuchukua fursa hii adhimu," nikamwambia.

Akasema.

"Ongeza: kwa namna ya pekee kabisa, na kwa unyenyekevu mkubwa."

Akaongeza. Kisha akaweka kisu chini. "Mjomba, hayo maneno yanasema nini?"

"Hayasemi kitu. Ndiyo maana hayaishi."

Alicheka, kwa mdomo, na akajishika mdomo huo kama ulikuwa umemtoroka.

Alikuwa na akili nyepesi. Mtu aliyezoea kukata maneno anajua viungo vyake vinapokutana. Ukimgeuza anaweza kuyaunga vilevile. Baada ya majuma machache alikuwa ananishinda. Angeweza kuzunguka neno "marehemu" kama mtu anayezunguka dimbwi, bila kulikanyaga, mpaka wali ukaiva na ukoko wake. Nilimfundisha nguzo, kioo, taa na dira. Nilimfundisha kusema "kama nilivyotangulia kusema" kabla hajasema lolote. Jirani yake, Shaame, kijana mrefu ambaye hakuna aliyekumbuka sauti yake, alikuwa akikaa ukutani akitusikiliza na kurusha vigae vya kushangaa. Shaame alimpenda Kidawa. Alikuwa amemrushia vigae vya moyo vingi kiasi kwamba Kidawa alivitumia kuzuia mlango usipigwe na upepo.

Siku ikafika. Uwanja ulijaa. Wazee walikaa mbele kwa majoho, vijana nyuma wakiwa wamepokonywa mifuko, mikono yao ikihangaika isijue pa kukaa. Mwenyekiti wa Baraza alikuwa Mzee Makame Vuai, mtu mwenye ndevu nyeupe zilizochanwa vizuri kuliko hoja zake, mpenda sentensi ndefu kuliko wote. Kanuni ilisema moto usiwashwe mpaka Mwenyekiti amalize ufunguzi. Alifungua. Kivuli changu kilitoka upande wa kulia, kikapita chini ya miguu yangu, kikaanza kurefuka upande wa kushoto, na yeye bado alikuwa anafungua. Alisikitika. Alitaja lugha ya mabibi. Alisema kizazi hiki kina midomo ya kulia chakula tu. Kisha akaamuru moto.

Kidawa akasimama kando ya chungu.

"Kwa heshima na taadhima kubwa," akaanza, "Mwenyekiti wa Baraza, Makamu Mwenyekiti, Katibu, Katibu Msaidizi wa Kamati Ndogo ya Nahau..."

Nikasikia mstari wa mbele ukivuta pumzi. Alimtambua kila mmoja. Hakumruka hata mtunza joho. Alichukua fursa adhimu, akaishika, akaigeuza, akairudisha mahali pake. Akasema marehemu alikuwa nguzo. Akasema alikuwa kioo ambacho jamii ilijitazama, taa iliyowaka bila kuchoka, dira ya waliopotea, mwanamke wa shoka, mama wa wote. Mjumbe mmoja alitoa leso. Mwingine alimnong'oneza mwenzake kwamba lugha haijafa. Maji yalichemka, povu likapanda, na binti yule aliongea kama mfereji, na mimi nilijiona baba wa mtaalamu. Nilianza hata kufikiria nitakavyopaka chokaa chumba changu.

Mzee Makame naye aliguswa. Alifuta jicho, akainama mbele, akasema kwa upole kabisa:

"Endelea, mwanangu. Huyo hasa ndiye Nyange tuliyemfahamu."

Kidawa akanyamaza.

Nilidhani amesahau. Nikamwonyesha kwa midomo: kama nilivyotangulia kusema. Hakunitazama. Alikuwa anamtazama Mwenyekiti.

"Siye," akasema.

"Siye nini, mwanangu?"

"Siye huyo. Mi huyo simjui." Sauti ilikuwa imerudi kuwa ndogo. "Mama alikuwa mchoyo wa sukari. Anaificha. Kila siku pahali pengine. Nikiiba anajua. Hasemi. Anacheka peke yake jikoni, nasikia. Basi."

Akakaa chini, palepale vumbini.

Nimewahi kuona harusi ikivunjika mbele ya wakwe, na kimya chake kilikuwa kelele ukilinganisha na kile. Maharage yaligongana chunguni kama kokoto. Hata moja lililoiva halikuwemo. Mlinzi alishika mfuniko. Akaanza kutembea kuelekea kwenye chungu, polepole, kwa sababu kanuni inamtaka atembee kwa hadhi, na hadhi hiyo ndiyo iliyotuokoa.

"Sukari tu?" Bi Mize alisema kutoka nyuma, huku bado amekaa. "Mimi alichukua kinu changu. Kuazima. Nikamwendea, akaniambia kimepasuka. Nyange huyo. Kinu hakikupasuka, kipo dirishani kwake mpaka leo, kapandia mrehani."

Mtu alicheka. Kicheko cha mdomo, cha mzee.

"Ni kweli, kipo," akasema Kidawa vumbini.

"Najua kipo. Kila nikipita nakiona. Nikimsalimu, ananiuliza, Mize, umeuonaje mrehani wangu? Mwanamke hana haya." Akapangusa jicho kwa ncha ya kanga. "Hana haya hata kidogo."

Mlinzi alisimama njiani. Mwenyekiti alimwashiria aendelee. Hapo ndipo Shaame alipoinuka. Mkono wake ulikwenda kiunoni kutafuta mfuko, haukuuona, ukarudi mtupu. Akafungua kinywa. Ikatoka sauti nzito, nene, ya mtu mzima, na nadhani aliyeshtuka kuliko wote alikuwa yeye mwenyewe, maana mara ya mwisho alipoitumia ilikuwa ya mtoto.

"Mi alinfukuza na ufagio," akasema. "Af akaniita nkale."

"Lini?" akauliza Kidawa.

"Kila siku."

Basi ikawa kama mtu ametoboa gunia. Kijana mmoja akasema Bi Nyange alimfundisha kuogelea kwa kumsukuma. Mwingine akamwambia ni uongo, alikusukuma kwa sababu ulimwibia malimao. Walikata maneno, waliyameza nusu, waliyaanza katikati, waliyaacha bila mkia, na kila mtu alielewa. Vibibi vikawajibu kwa maneno ya zamani ambayo vijana hawakuwahi kuyasikia; wakauliza maana, wakaambiwa, wakacheka. Mmoja alikariri neno moja la kale mara kadhaa, akilionja.

Mzee Makame aligonga meza. Alisema huu ni uvunjaji wa kanuni, kwamba anayemsema marehemu ni mrithi na si genge, na kwamba hicho kilichotoka kinywani mwa kijana yule mrefu si lugha. Aliagiza Katibu asome sheria. Katibu akaisoma. Sheria ilisema maneno juu ya marehemu yasikatike mpaka maharage yaive. Haikusema ya nani. Mjumbe mmoja akadai kwamba vipande vya maneno si maneno. Mwenzake akamwuliza ni kipande kipi ambacho hakukielewa. Yule akafikiri, akasema alivielewa vyote, na hilo ndilo linalomkera.

Wakabishana. Majoho yalipanda na kushuka. Mmoja akasema hatuwezi kuivunja kanuni kwa ajili ya mwanamke aliyeficha sukari. Mwingine akasema ukweli alikuwa mwanamke wa namna yake, aliwahi kumwita yeye, mjumbe, jogoo asiyejua saa. Na Mwenyekiti, akiwa amekwisha kupandwa na hasira, akatamka jambo ambalo naona hakukusudia kulitoa hadharani.

"Mnanieleza mimi habari za Nyange? Mimi nilisimama mlangoni kwake nikiwa kijana. Nilikuwa nimetunga maneno ya kumposa kwa mwezi mzima. Yalikuwa na utangulizi. Niliyasema yote, jua likanipiga utosini, sikuacha hata moja. Na yeye akanijibu neno moja."

Uwanja ulinyamaza, lakini kimya cha kusubiri si kimya cha kukatika, na mlinzi mwenyewe alikuwa ameukumbatia mfuniko akisikiliza.

"Lipi?" akauliza Kidawa.

Mzee Makame alitazama majoho, kisha akatazama vumbi.

"Sitaki," akasema.

Sijui ni nani aliyeanza. Nafikiri alikuwa Bi Mize. Kilikuwa kicheko kilichowainua watu vitini, na katikati yake niliwaona vijana, wale wa nyuso kavu, wamejikunja wakishika mbavu, machozi yanawatoka ya kweli. Mwenyekiti alijikaza. Ndevu zikatetemeka. Akatazama pembeni. Kisha naye akaachia, kicheko kikavu chenye kukohoa, cha mtu ambaye ameibeba aibu ile muda mrefu akiiita msiba wa lugha.

"Neno lenyewe lilikuwa kamili," akasema alipopata pumzi. "Hilo siwezi kulikana."

Ndipo tukanusa moshi. Hakuna aliyekuwa ameangalia chungu. Maji yalikuwa yamekauka, maharage yalikuwa yamepasuka, na chini yalikuwa yanaanza kushika. Sheria inataka Mwenyekiti aonje mwenyewe, kisha atoe hukumu kwa lugha kamili, yenye utangulizi. Mlinzi akachota upawa. Mzee Makame, bado akifuta macho, hakupuliza. Aliyatia mdomoni moja kwa moja. Tukaona macho yakimtoka. Akazungusha yale maharage upande huu na huu, akafungua mdomo apate hewa, akaufunga, akameza. Katibu alikuwa ameshika kalamu akisubiri maneno ya kutambua uwepo.

"Yameiva," akasema Mwenyekiti, na hakuweza zaidi.

Hivyo ndivyo nyumba ilivyobaki kwa Kidawa. Tuliyala maharage yale palepale, kwa mikono, yaliyoungua na yasiyoungua, yakiwa na chumvi ya kumtosha ng'ombe. Jioni nzima hakuna aliyeulizia mfuko wake. Mikono ilikuwa na mchuzi, na kigae chenye mchuzi hakiandikiki.

Msidhani nchi ilipona. Kesho yake asubuhi makapu ya waridi na vikombe vya chai yaliteremka kama kawaida, pamoja na onyo jipya kwamba kucheka baada ya kula maharage kunapasua wengu. Baraza lilikaa kikao cha dharura, likasikitika, na nilipokuwa nafunga mzigo wangu lilikuwa linajadili pendekezo la kuondoa maharage na kuweka makande. Nilimwambia Kidawa ashukuru ametangulia. Akaniambia, kwa mdomo, kwamba mafunzo yangu yalikuwa mabaya mno na karibu yamponze, na kwamba nikirudi chumba kipo.

Wakati natoka uani nilimkuta Shaame amesimama chini ya dirisha la chumba cha kati. Mfuko ulikuwa kiunoni, umejaa. Alikuwa ameshika kigae mkononi muda mrefu kiasi kwamba kimempaka buluu mpaka kwenye kiganja. Akakiangalia. Akamwita Kidawa kwa lile besi lake, kuku wakatawanyika.

"Unasemaje?" Kidawa akajibu kutoka ndani.

Kijana wa watu akafungua kinywa, akafunga, akanitazama mimi kama vile nina la kumwazima. Nilikuwa nalo tele, la heshima na taadhima na la fursa adhimu. Nikatikisa kichwa.

"Sjui bado," akasema.

Tukasikia komeo likivutwa.

"Basi pita ndani ukae mpaka ujue," akasema Kidawa. "Nyumba ni yangu."